Istidraji Si Adhabu Iliyochelewa Tu

Mtu anayejulikana kwa dhuluma akinunua gari la pili, hakosi anayesema chini kwa chini: "Mwacheni, hiyo ni istidraji." Waliopo hutikisa vichwa na mazungumzo yakaishia hapo. Kwa maneno hayo machache msemaji amejiliwaza, amemhukumu mwenzake na amejitoa yeye mwenyewe katika habari nzima. Waliotutangulia katika kulitumia neno hili hawakulitumia hivyo.

Kosa linaanzia kwenye maana ya mkato ambayo wengi tumeipokea: istidraji ni "adhabu iliyocheleweshwa". Si maana ya uongo, ila ni nusu, na nusu iliyoachwa ndiyo yenye uzito. Hakimu akimhukumu mtu kifungo cha miezi sita, kisha akakisimamisha kwa sharti kwamba asitende kosa jingine ndani ya mwaka, hapo adhabu imecheleweshwa. Lakini mhukumiwa analijua kosa lake, analijua sharti na anaijua tarehe. Katika istidraji hakuna hata kimoja kati ya hivyo. Anayevutwa hajui kuwa anavutwa, na kinachomvuta ni kitu anachokipenda. Kuchelewa ni sehemu ya habari tu. Kiini chake ni kupewa.

Mzizi wa neno ni d-r-j, na Kiswahili kinaujua vizuri kupitia daraja, liwe la kuvukia mto au la cheo. Kwa Kiarabu daraja ni kipandio cha ngazi. Mwanzo wa ista- tunao katika maneno mengi ya kila siku bila kuuhisi: kustarehe, kustaafu, kustahili, kustaarabu, na kwa upande wa ibada, istighfari (kuomba maghufira) na istikhara (kuomba kuchaguliwa lililo la kheri). Istilahi haimo katika kundi hili ingawa inafanana nalo, kwa sababu s yake ni ya mzizi wenyewe. Basi istidraji ni kumpeleka mtu kipandio kwa kipandio, taratibu, mpaka afike pale anapopelekwa. Wafasiri wengine wameisoma kama kupandishwa ili aanguke kutoka juu, wengine kama kuteremshwa polepole. Raghib al-Isfahani, mwanachuoni wa msamiati wa Qur'ani, ametaja pia kauli inayoihusisha na kukunjwa, kama karatasi ya maandishi inavyokunjwa. Wote wanakubaliana juu ya jambo moja: hakuna hatua inayomshtua anayeipiga.

Katika Qur'ani kitenzi hiki kimekuja mara mbili tu, kwa maneno yaleyale: Suratul Aaraf 182 na Suratul Qalam 44. Maana yake ni kwamba wanaozikadhibisha aya watavutwa kidogo kidogo kwa namna wasiyoijua. Mara zote mbili aya inayofuata inasema: "wa umlii lahum", nami nawapa muda. Hapa ndipo panapohitaji uangalifu. Vitenzi ni viwili kwa sababu mambo ni mawili. Kuvutwa ni jambo moja, na kupewa muda ni jingine. Kupewa muda kunaitwa imlai au imhali (na imla ya shuleni, ile ya mwalimu kusoma na mwanafunzi kuandika, imetoka kwenye kitenzi hichohicho cha Kiarabu chenye maana zaidi ya moja). Anayesema istidraji akikusudia "Mungu amempa muda" amechukua jina la kitenzi cha kwanza akalibandika kwenye cha pili.

Tofauti hii ina matokeo. Imhali inawahusu watu wote. Suratul Fatir 45 inasema kwamba lau Mwenyezi Mungu angewachukulia watu kwa yale waliyoyachuma, asingeacha juu ya ardhi kiumbe kitambaacho, lakini anawaahirisha hadi muda maalumu. Suratul Kahf 58 inauunganisha ucheleweshaji huo na msamaha na rehema. Kwa hiyo kucheleweshewa adhabu peke yake si dalili mbaya. Ndiyo hali ya kila mwenye dhambi anayepumua, na ndio mlango wa toba. Ukiita hali hiyo istidraji umewatia watu wote ndani, na neno halina tena kazi.

Ili kuona istidraji inavyojengeka, aya iliyo wazi kuliko zote ni Suratul An'am 44, nayo haisomeki vizuri bila ya mbili zilizoitangulia. Aya ya 42 inasema umma zilizopita zilishikwa kwanza kwa shida na madhara ili zinyenyekee. Aya ya 43 inasema hazikunyenyekea. Nyoyo zikawa ngumu na shetani akawapambia wanayoyatenda. Ndipo aya ya 44 inapokuja: waliposahau walichokumbushwa, wakafunguliwa milango ya kila kitu, hata walipoyafurahia waliyopewa, wakashikwa ghafla, wakawa wamekata tamaa.

Angalia mpangilio. Onyo ndilo linalotangulia, tena onyo linalouma. Kisha kuna kusahau, ambako hapa si kupotewa na kumbukumbu bali ni kuliacha lililokumbushwa. Halafu milango inafunguka, na aya inasema ya kila kitu: mali, afya, watoto, sifa. Kisha furaha, ile ya kujiona. Mwisho ni kushikwa ghafla. Mtu akizipuuza aya mbili za mwanzo atauliza: vipi Mungu amtege mja wake? Lakini milango haikufunguliwa kwa mtu ambaye hajaambiwa kitu. Suratul Aaraf 94 na 95 inarudia mpangilio huohuo na kuongeza jambo moja linalouma kwa ukaribu wake na sisi: shida ilipobadilishwa kuwa raha, na watu wakaongezeka, walisema wazee wetu nao walipatwa na shida na raha. Yaani walikuta maelezo ya kawaida. Mambo hupanda na kushuka, ndivyo dunia ilivyo. Hawakukanusha kitu kwa ukali, walizoea tu.

Wanavyuoni wa mwanzo walikuwa na njia fupi ya kulieleza hilo. Kauli iliyopokewa kutoka kwa Sufyan al-Thawri katika tafsiri ya aya ya Qalam ni kwamba wanamiminiwa neema na kusahaulishwa shukrani. Kutoka kwa al-Dahhak imepokewa kwamba kila wanapozua maasi mapya hufanyiwa neema mpya. Ukiziweka pamoja unapata sehemu tatu ambazo lazima ziwepo ndipo neno likae mahali pake: maasi yanayoendelea, neema inayoongezeka sambamba nayo, na shukrani au istighfari inayokufa. Ikikosekana mojawapo, tafuta neno jingine. Tajiri asiyejulikana kwa maasi hana istidraji, ana mali. Mwenye dhambi anayeteseka naye hana istidraji. Huenda anaadhibiwa, huenda anajaribiwa, lakini hakuna mlango aliofunguliwa. Na anayeasi akaneemeka, ila kila usiku anajilaumu na kuomba kusamehewa, bado sehemu ya tatu haijatimia kwake, na pengine haitatimia.

Mfano kamili katika Qur'ani ni Karuni, tajiri wa kaumu ya Nabii Musa, Suratul Qasas kuanzia aya ya 76 hadi 82. Funguo za hazina zake zilikuwa mzigo kwa kundi la watu wenye nguvu. Watu wake walimwambia asifurahi kwa majivuno, na kitenzi walichotumia ni cha mzizi uleule wa furaha uliotumika katika An'am 44. Walimshauri pia asisahau fungu lake la dunia, kwa hiyo hawakumtaka awe fukara. Jibu lake ndilo lililofunga mlango: nimepewa haya kwa elimu niliyo nayo. Linganisha na jibu la Nabii Suleiman katika Suratun Naml 40, alipokiona kiti cha enzi cha malkia wa Saba kimewekwa mbele yake: hii ni fadhila ya Mola wangu, anijaribu je, nitashukuru au nitakufuru. Mali ya Suleiman haikuwa ndogo kuliko ya Karuni. Kilichotofautiana ni jina la mtoaji na swali lililofuata.

Katika kisa cha Karuni kuna jambo ambalo wahadhiri wengi hulipita kwa haraka. Alipotoka mbele ya watu na mapambo yake, waliokuwa wakitaka maisha ya dunia walisema laiti nasi tungekuwa na mfano wa alivyopewa Karuni. Wenye elimu waliwajibu: ole wenu, malipo ya Mwenyezi Mungu ni bora kwa aliyeamini na akatenda mema. Hawakusema "mngojeni, hiyo ni istidraji". Hawakutabiri kwamba ardhi itammeza. Walishughulika na nyoyo za waliokuwa wakitamani, kwa sababu hao ndio waliokuwa mbele yao na bado walikuwa na nafasi. Na ardhi ilipommeza pamoja na nyumba yake, waliotikisika ni walewale waliotamani nafasi yake jana. Neema ya mwovu ilikuwa imewavuta watazamaji pia, jambo linaloonyesha kwamba anayemtazama jirani yake kwa jicho la istidraji hayuko nje ya mtego kama anavyodhani.

Suratul Qalam yenyewe, kabla ya kufika aya ya 44, imeweka kisa cha kulinganisha. Ni kisa cha wenye bustani, aya ya 17 hadi 33. Waliapa kuyavuna mazao alfajiri ili maskini yeyote asiingie. Usiku uleule, wakiwa wamelala, bustani ikapitiwa na janga ikawa nyeusi. Asubuhi walidhani wamepotea njia. Kisha wakalaumiana, wakakiri kuwa walikuwa wamevuka mipaka, wakasema huenda Mola wetu akatubadilishia iliyo bora kuliko hii. Hapa adhabu haikuchelewa hata siku moja, na ndiyo iliyowaamsha. Aya kumi na moja baadaye wanatajwa wanaovutwa kidogo kidogo, ambao hawakuunguliwa na kitu. Nikiisoma sura hii kwa mfululizo naona vigumu kukubali kwamba kuchelewa ndilo jambo la kuogofya peke yake. Kinachoogofya ni kuachwa ulale. Suratus Sajda 21 inataja adhabu ndogo ya karibu inayoonjeshwa kabla ya ile kubwa, ili warejee, na hadithi ya Anas bin Malik iliyomo katika Sunan ya al-Tirmidhi inasema Mwenyezi Mungu akimtakia mja wake kheri humharakishia adhabu duniani, na akimtakia shari humzuilia pamoja na dhambi yake hadi amlipe Siku ya Kiyama.

Sasa tuje kwenye methali zetu, maana michanganyiko mingi imetoka huko. "Siku za mwizi ni arobaini" ina ahadi ndani yake: ipo siku, atashikwa, tutamwona. "Malipo ni hapa hapa duniani" inaahidi hata mahali. "Aliye juu mngojee chini" inampa mnyonge nafasi ya kusimama na kungoja. Ni methali nzuri za kumtuliza aliyedhulumiwa na sizikejeli, lakini istidraji haitoi ahadi yoyote kati ya hizo. Suratu Ibrahim 42 inasema usidhani Mwenyezi Mungu ameghafilika na wanayoyatenda madhalimu. Anawaahirisha hadi siku ambayo macho yatakodoka, nayo si siku ya duniani. Dhalimu anaweza kuzeeka kitandani mwake, akazikwa na umati, jina lake likapewa barabara, na majirani wasione lolote la kuwaridhisha. Anayefundisha istidraji kwa kutumia methali hizi anawaandaa watu kupoteza imani pale dhalimu atakapofariki kwa amani. Ni kosa la kufundishia, na linafanyika sana.

Upo upinzani wenye nguvu dhidi ya hoja yangu kwamba neno hili si la kuwahukumia wengine. Hadithi ya Uqba bin Amir, iliyomo katika Musnad ya Imam Ahmad, inasema: ukiona Mwenyezi Mungu anampa mja vitu vya dunia avipendavyo ilhali mja huyo yumo katika maasi yake, basi hiyo ni istidraji, kisha Mtume akasoma aya ya 44 ya An'am. Je, si ruhusa ya kumwangalia mtu na kusema?

Ni kanuni, na kanuni ina masharti. Mja yumo katika maasi yake, yaani ameshikamana nayo. Unaona neema yake, na pengine unaona maasi yake, lakini huoni kama ameshikamana nayo mpaka mwisho au atayaacha kesho. Aya ya istidraji yenyewe, ile ya Aaraf na Qalam, imeshasema "kwa namna wasiyoijua". Ikiwa mwenyewe hajui, jirani amejuaje? Kauli ya Mtume inakufundisha jinsi jambo linavyokuwa, ili neema isikudanganye ukaihesabu kuwa radhi. Kumtaja mtu fulani ni hatua nyingine ambayo hadithi haikuipiga.

Historia ya vita vya Uhud, mwaka wa 3 wa Hijria (625), inatosha kumfunga mtu mdomo. Siku ile walioneemeka ni Makureshi wa Makka, waliokuwa wakipigana na Waislamu. Khalid bin al-Walid, wakati huo akiwa bado upande wao, aliongoza wapanda farasi waliowazunguka Waislamu kwa nyuma. Imepokewa katika Sahihi ya al-Bukhari kwamba Mtume aliwaapiza watu kwa majina, wakiwemo Safwan bin Umayya, Suhayl bin Amr na al-Harith bin Hisham, ikateremka Aal Imran 128: huna lako katika jambo hili, ama awapokelee toba au awaadhibu. Wote watatu walisilimu baada ya kufunguliwa Makka mwaka wa 8, na Khalid alikuwa amewatangulia. Ambaye jioni ya Uhud angeutazama ushindi wao akasema "hiyo istidraji" angekuwa na aya, angekuwa na hadithi, na bado angekosea kuhusu watu wote wanne.

Wale waliolielewa neno walilielekeza kwao wenyewe. Imepokewa kutoka kwa Umar bin al-Khattab kwamba zilipoletwa hazina za Kisra, mfalme wa Uajemi, alimwomba Mwenyezi Mungu amkinge asiwe miongoni mwa wanaovutwa, akaitaja aya ya kuvutwa kidogo kidogo. Hakuzungumzia Kisra aliyenyang'anywa, alijizungumzia yeye aliyepewa. Abdurrahman bin Awf, mmoja wa matajiri wakubwa wa Madina, aliletewa chakula akiwa amefunga. Akamkumbuka Mus'ab bin Umair aliyeuawa Uhud na kukafiniwa kwa shuka moja isiyotosha kichwa na miguu, akasema anachelea mema yao yasiwe yameharakishwa hapa duniani, akalia hadi akakiacha chakula. Naye Abu Hazim, mwanachuoni wa Madina katika kizazi cha tabiina, yaani waliowafuata masahaba, alisema: ukimwona Mola wako anakufuatishia neema huku wewe unamuasi, basi mche. Wewe, si yule.

Wapo pia wanaolitumia kwa upande wa pili, wakaumia. Mtu amepata kazi, ameoa, biashara inakwenda, naye hapati usingizi: huenda hii ni istidraji. Huu ni wasiwasi, na dawa yake si kuikimbia neema. Suratul Fajr 15 na 16 inamkatalia binadamu pande zote mbili: anayesema Mola wangu amenitukuza kwa sababu amepewa, na anayesema Mola wangu amenidhalilisha kwa sababu amepunguziwa. Kupewa si hukumu, kunyimwa si hukumu. Abu Hazim huyohuyo alitoa kipimo: kila neema isiyomkurubisha mtu kwa Mungu ni balaa. Kipimo hiki kinafanya kazi kwa sababu hakiulizi umepewa kiasi gani, kinaulizia mwelekeo.

Kukitumia ni kazi ya hesabu zaidi kuliko ya hisia. Chukua neema moja inayojulikana, sema biashara iliyokua. Je, kuna kosa mahususi unalolijua na unaliendeleza ndani yake, kama vile mizani pungufu, mshahara wa mfanyakazi uliozuiliwa, mkopo uliokataa kuulipa? Je, tangu mtaji ukue, swala imesogea mwisho wa wakati? Je, zaka imekua pamoja na mali? Hili la mwisho lina tarakimu, kwa hiyo ni gumu kulizungusha: mali ya fedha au ya biashara iliyofikia nisabu, yaani kiwango cha chini cha kutolewa zaka, ya dinari 20, takriban gramu 85 za dhahabu, ikapitiwa na mwaka mzima wa Hijria, inatolewa asilimia 2.5. Mwenye mali iliyoongezeka mara tano ambaye bado anatoa kiasi kilekile cha zamani "kwa mazoea" ana jambo la kuangalia, tena la leo. Lakini anayeyachunguza haya asikute kosa analoling'ang'ania, ashukuru na alale.

Akilikuta, njia ya kutoka inajulikana: kuliacha kosa, kulijutia, na kuazimia kutolirudia, na kama ni haki ya mtu, kuirudisha kwa mwenyewe. Hapa pana kosa jingine la mara kwa mara. Mtu akishtuka kwamba huenda anavutwa, hukimbilia kutoa sadaka kubwa au kujenga kitu cha umma kwa mali ileile ya dhuluma, huku mwenye haki anamjua na anapoishi anapajua. Sadaka hiyo haivunji mnyororo. Pengine inaurefusha, maana sasa na sifa za watu zimeongezeka kwenye orodha ya milango iliyofunguliwa. Pesa ya mtu inarudi kwa mtu au kwa warithi wake. Wakikosekana kabisa ndipo habari ya kuitoa kwa niaba yao inapoanza.

Neno hili lina matumizi ya pili katika elimu ya itikadi, ambayo msomaji wa kawaida hukutana nayo mara chache. Wanavyuoni wa tauhidi wameyagawa mambo yanayovunja desturi kulingana na mtu anayetokewa nayo. Likimtokea nabii kwa kuthibitisha ujumbe wake ni muujiza. Likimtokea kabla ya utume ni irhasi. La walii ni karama, la muumini wa kawaida ni mauna. Likimtokea fasiki au mwongo, tena likaenda kama alivyotaka, ni istidraji. Likienda kinyume na alivyodai ni ihana, yaani kufedheheshwa, na mfano unaotolewa ni Musaylima, aliyedai utume kwa uongo, ambaye inasimuliwa alitemea mate kisima ili maji yaongezeke yakakauka. Mambo ya Dajali yaliyotajwa katika hadithi, kuiamuru mbingu ikanyesha na ardhi ikatoa hazina zake, yanawekwa kwenye fungu la istidraji.

Mgawanyo huu una faida ya moja kwa moja. Mtu akiponya, akitabiri au akijua ulichoficha mfukoni, tukio lenyewe halisemi yeye ni nani. Kauli mashuhuri inayonasibishwa kwa Abu Yazid al-Bistami, sufi mashuhuri, inasema ukimwona mtu anaruka angani usidanganyike naye mpaka utazame yukoje mbele ya maamrisho na makatazo. Na hapa, tofauti na kwenye mali, kumkagua mtu kunaruhusiwa na hata kunatakiwa, kwa sababu anadai kufuatwa. Jirani mwenye gari la pili hajakuomba umfuate.

Kwa wanaoandika na kuhutubia, basi, maneno yapo ya kutosha na kila moja lina mahali pake. Dhalimu ambaye bado hajafikiwa na kitu, ukitaka kusema hivyo tu, amepewa muda, au kuna imhali. Aliyepatwa na msiba ilhali ni mtu mwema yumo katika mtihani. Aliyeangamia na ikajulikana ni kwa dhuluma yake, wazee waliita nakama, yaani adhabu ya kulipiziwa. Aliyehukumiwa mahakamani na adhabu ikasimamishwa, tumia maneno ya mahakama. Istidraji ibaki kwa mchakato wenye sehemu zote tatu, na isemwe kama kanuni: "hali hii huenda ikawa istidraji", au kwa nafsi ya kwanza. Sentensi kama "fulani alikuwa katika istidraji", inayosemwa baada ya mtu kufilisika au kufariki, ina kasoro mbili kwa pamoja. Inamtaja mtu, na inatoa hukumu kwa kuwa mwisho umeonekana, ilhali aliyefilisika akarejea yuko karibu zaidi na wale wenye bustani kuliko na Karuni.